Aliyeitika kwa Jina la Kimaiyo

Mwalimu Kimaiyo aliingia saiba ya kukodi intaneti karibu na stendi ya Kitale saa kumi na mbili jioni, vumbi la chaki likiwa bado mikononi. Ilikuwa Machi 2009. Alitaka dakika kumi tu: achungulie kijiji chake kwenye ule mchezo wa intaneti, avune ngano, kisha ashike njia ya nyumbani, mtaa wa Tuwan.

Kijiji kilikuwa kimenona. Kuta ndefu, maghala yamefurika, askari elfu nne. Na yeye hakuwa amejenga kitu tangu Januari, ila kuvuna tu. Alipokwenda kozi mahali pasipo na mtandao, alimpa rafiki yake Wakhungu, wa Bokoli huko Bungoma, nywila ya akaunti amtunzie. Aliporudi hakuibadilisha. Aibadilishe ya nini, na mwenzake anamjengea bure? Hata wachezaji walipolalamika kwamba anawatukana na kuwatisha, aliwajibu kwa mkato: "Si mimi, bana. Ni beshte yangu."

Akaendelea kuvuna.

Jioni hiyo alikuta ujumbe mpya. Ulitoka kwa Kui, mwuza mbegu wa mji wa Kwanza, ambaye alikuwa amecheza naye upande mmoja mwaka mzima bila kuonana ila kwa picha.

"Nimefika Bokoli vile uliniambia. Nakungoja hapa njia panda. Namba yangu ni ile ile."

Kimaiyo hakuwa amemwambia kitu.

Akafungua jumbe za nyuma. Kumi na saba. Zote za jina lake, zote tamu, zikimbembeleza Kui aje Bokoli, aje peke yake. Halafu, mbele ya macho yake, ikaingia ya kumi na nane.

"Nakuona. Usigeuke."

Harufu ya udongo mbichi ikampanda puani... kama shimo lililochimbwa sasa hivi.

Akampigia Wakhungu. Simu ikapokewa na mwanamke.

"Mimi ni dada yake, Naliaka. Wewe nani?"

"Kimaiyo. Wa Kitale."

Mlango ukafungwa upande wa pili.

"Wakhungu tulimzika mwezi wa pili, hapa nyumbani," Naliaka akanong'ona. "Siku za mwisho alikataa jina yake. Ukimwita Wakhungu, hakuna. Ukisema Kimaiyo... anafungua macho. Ulimfanyia nini ndugu yangu?"

Kimaiyo akakata simu. Angeweza kufunga akaunti, anyanyuke, aende zake. Nani angejua? Kidole kilikuwa tayari juu ya kitufe.

Badala yake akaipiga namba ya Kui, iliyokuwa kwenye zile jumbe.

"Kui, toka hapo. Saa hii!"

"Nani anaongea?"

"Kimaiyo."

Kui akacheka kidogo.

"Kimaiyo... si uko hapa? Si umenishika mkono?"

Ile "si mimi" ilimfika Kimaiyo ulimini, imezoea njia. Akaimeza.

"Kui, huyo nilimpa jina yangu mwenyewe. Makosa ni yangu. Weka simu kwa sikio yake."

Pumzi. Nzito, yenye unyevu.

"Wakhungu," Kimaiyo alisema, na watu kwenye saiba wakageuka kumtazama. "Nirudishie jina yangu. Yale yote umefanya nayo, nitajibu mimi."

"Yote?"

Sauti iliyouliza ilikuwa yake mwenyewe.

"Yote."

Kui akapiga kelele. Nyayo zikikimbia... Kisha simu ikakatika.

Wanawake waliokuwa wakitoka kwenye maombi ndio waliompata Kui, ameanguka kando ya shamba la mahindi, yuko hai. Kimaiyo hakulala. Alfajiri alibadilisha nywila, akachapisha zile jumbe zote, akajipeleka mwenyewe kituo cha polisi cha Bokoli.

"Ni wewe uliandika haya?" askari aliuliza.

"Akaunti ni yangu, afande."

"Sijauliza ni ya nani."

"Sikuandika. Lakini nilimpa mwenzangu jina langu, na nilipoambiwa linaumiza watu nikanyamaza."

Askari alikuwa ameshapiga simu Kitale. Mwenye saiba alikuwa ameapa kwamba Kimaiyo hakutoka kwenye kiti jana hadi giza lilipoingia. Kui alikuwa ameketi kwenye benchi, amejifunika leso. Alipomwona Kimaiyo alisogea hadi mgongo ukagonga ukuta. Kwenye kifundo cha mkono wake kulikuwa na alama za vidole vitano, nyeusi kama zilizounguzwa.

"Weka mkono wako hapo," askari alimwambia Kimaiyo.

Aliuweka. Kidole kwa kidole, ukaenea. Hata pengo la kidole cha shahada, kilichokatwa ncha na panga utotoni, lilikuwapo.

Askari aliondoa macho, akasukuma karatasi ya taarifa mezani. Kimaiyo akatia sahihi, jina lote, kwa herufi za kusomeka.

"Pole, Kui," alisema.

Kui alimtazama usoni kama anayetafuta kitu.

"Siku nyingine ukiniita," aliuliza polepole, "nitajuaje ni wewe?"