Ushuhuda Juu ya Mkokoteni

Kila Jumamosi asubuhi Mbinya alipanga foleni ya maji kwenye mfereji wa mtaa wao, Dandora, akafua mashati ya baba yake, akapiga deki, kisha akapika uji. Majirani walimsifu wakasema binti ya Mutisya amekomaa kabla ya umri wake. Hawakujua kwamba kazi ile ilifanywa na mikono tu. Tangu mama yake azikwe Machakos mwanzoni mwa mwaka ule wa tisini na sita, moyo wa Mbinya ulikuwa umekufa ganzi kama mguu uliolaliwa. Hakulia mazishini, wala hakulia baadaye, ingawa alijaribu.

Alasiri alikwenda kanisani kwa sababu mama yake alikuwa amemzoesha hivyo. Vijana wa kanisa lao walikuwa wamechoka kuhubiriana wenyewe kwa wenyewe ndani ya kuta za mabati, wakabuni njia yao. Waliazima mkokoteni wa Ng'ang'a, mchuuzi wa kabichi, wakausukuma hadi uwanja wa kando ya soko, wakaukaza kwa mawe, ukawa jukwaa. Hapo waliimba, wakapiga kayamba, wakaigiza mchezo wa mlevi aliyeuza mlango wa nyumba yake kisha akalalamika baridi. Watu walicheka mpaka wakasahau vikapu vyao. Mwisho, kijana mmoja alipanda kutoa ushuhuda.

Ushuhuda nao ulikuwa na mtindo wake. Ilikuwa ni lazima uanze na matope ndipo ufike kwenye sabuni. Kabiru, kiongozi wa vijana na fundi wa kuchomelea vyuma, aliwahimiza kila mara, "Bila matope, hakuna atakayesimama kusikiliza." Basi aliyewahi kuiba embe akawa jambazi sugu, na aliyeonja busaa akawa mlevi wa kupindukia. Hakuna aliyeona hilo kuwa uongo. Walidhani wanamtia Mungu chumvi kidogo tu, kana kwamba Mungu alikuwa mboga.

Siku hiyo ilikuwa zamu ya Mbinya. Ng'ambo ya uwanja, muuza dawa ya panya alikuwa ametundika panya wakavu kwenye kamba na kuanza kupaza sauti. Watu wakaanza kumgeukia.

"Bwana asifiwe!" Mbinya akasema.

"Amen," wachache wakajibu huku wakiondoka.

Rafiki yake Eve akamvuta sketi kutoka chini. "Wee Mbinya, watu wanatuhepa! Sema kitu ya kushtua. Sema ulikuwa unavuta gamu!"

Mbinya hakuwahi hata kuishika chupa ya gundi. Lakini mtu asiyesikia chochote huona maneno yote ni mamoja. "Nilikuwa navuta gundi," akasema kwa sauti kavu. "Nililala kwenye jaa la taka. Mama aliponitafuta, nilimkimbia."

Watu wakamwacha muuza dawa na panya wake. Mwanamke mmoja akafuta machozi kwa ncha ya leso, na Mbinya, aliyekuwa akisimulia, hakuona hata donge kooni.

Aliposhuka, mwanamke yule alimshika mikono yote miwili. Alikuwa Mama Maingi, muuza viazi wa pale sokoni. "Mwanangu Maingi anavuta," alinong'ona. "Ana umri kama wako. Niambie, uliachaje?"

Hapo Mbinya angeweza kusema kweli. Badala yake akasema, "Nilijifungia ndani nikaomba mpaka hamu ikaisha."

"Asante, mwanangu. Mungu akubariki."

Katikati ya wiki Mama Maingi alibisha hodi kwa kina Mbinya. Alikaa kwenye stuli bila kuegemea chochote. Akasimulia kwamba alikuwa amemfungia Maingi chumbani kwa kufuli, akapiga magoti nje ya mlango akiomba. Maingi alipiga kelele, akatapika, kisha akabandua bati la paa apate kutoroka. Akaanguka, akavunjika mkono.

Mbinya alingoja mama yule amgombeze. Hakugombezwa.

"Labda ni mimi nisiyejua kuomba," Mama Maingi akasema. "Wewe uliomba ukasikiwa. Nifundishe vizuri, mama."

Mbinya alingoja moyo wake umsute. Moyo haukumsuta. Ulikaa kimya kama kawaida yake, na akajua kwamba akiusubiri, mama huyu ataondoka akiamini kuwa kosa ni lake. Hilo hakulitaka.

"Sikuomba hivyo," akasema. "Sijawahi kuvuta gundi, Mama Maingi. Nilidanganya."

Mama Maingi alijifunga leso yake upya. "Nilimfungia mtoto wangu kwa maneno yako," akasema, akainuka, akaenda zake.

Jioni hiyo Mbinya alimweleza Anti Wacera, mwalimu wao wa Shule ya Jumapili, ambaye siku za kazi alikuwa muuguzi. Wacera hakuwa mtu wa kubembeleza. "Maingi nitamwona mimi. Kuna mwenzetu kliniki anayewasaidia watoto wa gundi, na kazi yake huchukua muda. Lakini uongo wako uliusema hadharani. Utaufuta wapi?"

"Hadharani."

"Basi."

"Lakini Anti, sioni uchungu wowote. Si itakuwa unafiki?"

"Nani alikuambia ukweli unasubiri machozi?"

Jumamosi iliyofuata Kabiru, alipoambiwa nia yake, alimsihi Mbinya asipande. "Utatuaibisha. Nani atatusikiliza tena?"

"Waliotusikiliza ndio tuliowadanganya," Mbinya akajibu, akapanda.

Hakusema Bwana asifiwe. "Sijawahi kuvuta gundi," alisema. "Niliwadanganya, na mtu ameumia kwa ajili hiyo. Ushuhuda wangu ni mfupi. Mama yangu alikufa. Tangu siku hiyo naomba na sisikii kitu. Lakini bado naomba. Sina lingine."

Vijana fulani walizomea. "Mwongo wa kanisa!" Wengi wakaenda kwa muuza dawa ya panya, na Kabiru akainamisha kichwa. Wachache walibaki wamesimama. Mzee mmoja alivua kofia. Mama Maingi alikuwa kwenye meza yake ya viazi, amesikia yote.

Mbinya akamwendea. "Nisamehe, mama."

"Bado," Mama Maingi akasema. "Lakini Maingi ana plasta mkononi na mimi sina wa kukaa naye. Kesho baada ya ibada, njoo."

Kesho yake Mbinya akaenda. Maingi alikuwa ameketi mlangoni, macho mekundu, mkono kifuani.

"Ni kweli hujawahi kuvuta?" akamuuliza.

"Ni kweli."

"Sasa umekuja kunihubiria nini?"

"Sina la kukuhubiria. Nimekuja tukae."

Maingi akasogea kumwachia nafasi kwenye kizingiti. Walikaa mpaka jua likapungua, wakizungumza kidogo kuhusu mpira na zaidi wakinyamaza. Maingi alipotaja kiu ya gundi, Mbinya hakujifanya anaijua.

Mama Maingi alikuwa ndani akimenya viazi, akiwasikiliza. Mwishowe akamwita Mbinya, akamkabidhi kisu na sufuria.

"Siku ile ungeniambia hujui, nisingekulaumu," akasema. "Mtu akisema hajui, tunatafuta pamoja. Akijifanya anajua, anatufungia mlango kisha anaondoka na ufunguo. Mkitaka watu wamjue Mungu wenu, msimpambe kwa uongo. Kaeni na watu."

"Nimesikia, mama."

"Basi menya. Maganda membamba, usinipotezee chakula."