Neno la Chiriku

Kila jioni akitoka shuleni, Chiriku alipitia maktaba kabla ya kwenda nyumbani. Jina hilo la utani alipewa kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Mkutubi, mama mwembamba mwenye miwani iliyofungwa uzi, alikuwa ameanzisha utaratibu mpya. Msomaji akimaliza kitabu, aliruhusiwa kukibandikia kwenye kompyuta maneno ya kuonyesha kinahusu nini. Mtu mwingine akitafuta kwa neno hilo, hata kwa simu, alikiona kitabu na picha ya jalada lake. Aliyebandika maneno mengi kuliko wenzake aliandikwa kwenye ubao wa mlangoni.

Chiriku aliutamani ubao ule kama mwenye njaa anavyotamani chakula. Kusoma kitabu kizima kulimchelewesha, basi akawa anatazama jalada, anabandika, anarukia kingine.

"We, hicho umekisoma?" rafiki yake wa dawati moja alimwuliza.

"Nikisome cha nini? Majani, na sufuria inayochemka. Kama hii si dawa ya tumbo, ni nini?"

"Haya, daktari wa majalada!"

Wakacheka hadi mkutubi akawakoholea. Chiriku akakibandikia neno "tumbo." Kumbe kitabu kile kilihusu mimea ya sumu. Sufuria ilichorwa ili kuonya watu wasiichemshe.

Wiki iliyofuata, rafiki yake hakuja shuleni. Habari zilifika kabla ya kengele. Mdogo wake wa kiume aliumwa tumbo. Shangazi yao akatafuta neno "tumbo" kwenye orodha ya maktaba, akaona picha ya majani, akachuma ya namna hiyo mtaroni na kumchemshia. Sasa mtoto alikuwa hospitalini, hajitambui.

Chiriku aliikumbuka sufuria ile ya jaladani. Masomo yalipokwisha alikimbilia maktaba, lakini hakwenda kusema. Alikwenda kufuta. Alifungua kompyuta, akaliondoa neno lake kwenye kitabu kile, akashusha pumzi.

Mara shangazi akaingia, nguo kaivaa nje ndani.

"Dada, nisaidie! Daktari anauliza nilimpa mmea gani. Majani nilishatupa, na mtaro wameufyeka na kuchoma moto asubuhi. Kitabu nilikipata kwa neno "tumbo," ila jina lake silikumbuki, na kwenye simu sikioni tena!"

Mkutubi aliandika "tumbo." Vikatokea vitabu vya mapishi na cha michezo ya viungo.

"Hakipo, dada yangu. Labda ulikiona kwingine."

"Kilikuwa hapa! Niliona kwa macho yangu! Jamani, mtoto ananifia!"

Chiriku alisimama nyuma ya rafu. Akinyamaza, hakuna atakayejua. Watasema shangazi kachanganyikiwa. Lakini mtoto je? Ulimi wake uliozoea kuropoka ulikuwa mzito kama jiwe la kusagia.

"Kipo," alisema. "Rafu ya dirishani, chenye jalada la kijani. Nililibandika mimi lile neno. Na nimelifuta mimi, sasa hivi."

Shangazi alimgeukia mara moja, kisha akakimbilia dirishani. Mkutubi alikwisha kukishika kitabu. Shangazi akaonyesha kwa kidole picha ya mmea aliouchuma, na mkutubi akapiga simu hospitalini, akasoma jina la mmea na madhara yake polepole, neno kwa neno.

Mtoto hakufa. Alirudi nyumbani amekonda, figo zake zimeharibika, na tangu siku hiyo maisha yake yamekuwa ya kwenda na kurudi hospitalini. Rafiki wa Chiriku alihamia dawati la nyuma.

Mkutubi aliung'oa ubao wa mlangoni kwa mikono yake mwenyewe.

"Hata mimi nimekosa," alimwambia Chiriku. "Nilisifu wingi, nikasahau ukweli. Lakini sikiliza, mwanangu. Neno unalobandika ni kibao cha njia panda. Anayekuja nyuma hakujui wala hakuoni, anakuamini tu. Kama hujaipita njia, usisimike kibao. Na ukishakosea, usiking'oe gizani na kumwacha mwenzako apotee. Sema."

Kisha akamwekea mezani vitabu vyote ambavyo Chiriku alivibandikia maneno, avisome kimoja kimoja. Cha juu kabisa kilikuwa kile cha kijani. Chiriku akavuta kiti, akafungua ukurasa wa kwanza.