Siwezi Kulalamika

Saa kumi na mbili asubuhi kadi ya Verna Hudak ilikuwa imeshaondoka mlangoni, na Verna, tangu amzike mumewe, hakuwa ameamka kabla ya saa tatu hata siku moja.

Odessa Pruitt aliliona hilo siku ya Jumatano, yuko na gauni lake la kulalia, anakwenda kuchukua gazeti. Akasimama. Akakitazama kitasa kitupu. Halafu akajisemea, "Labda nyonga imemwamsha," akaenda zake.

Niwaeleze habari ya hizo kadi, maana hasira yangu inaanzia hapo. Jumba lile la mjini Youngstown ni la wapangaji waliotimiza miaka sitini na miwili kwenda juu, na mimi nimefagia korido zake miaka kumi na mmoja. Zamani palikuwa na mlinzi, mzee Yost, aliyebisha kila mlango kila asubuhi na hakubanduka mpaka auone uso wa mtu. Kampuni ikamstaafisha. Badala yake ikaleta kadi za kijani zilizoandikwa NIKO SALAMA. Usiku kabla ya kulala unaitundika kadi yako nje kwenye kitasa, na ukiamka unaiingiza ndani. Ikifika saa nne kadi bado iko nje, ofisi inatuma mtu. Ikishaingia ndani, hakuna wa kuja kukutazama. Jamani! Mtu mzima, kalea watoto, kazika ndugu, anajuliwa hali kwa kipande cha karatasi ngumu!

Basi. Odessa alikuwa na miaka sabini na saba, mpishi mstaafu wa shule, mwanamke mweusi mrefu mwenye sauti iliyoweza kunyamazisha watoto mia tatu bila kipaza sauti. Mwanawe wa pekee anakaa Atlanta. Verna alikuwa na themanini na mmoja, mtoto wa wahamiaji wa Slovakia, mlango wake unatazamana na wa Odessa. Kila Ijumaa Verna anapika pirogi, zile sambusa za kuchemsha za kwao, Odessa anapeleka mkate wa mahindi, wanabadilishana sahani. Walikuwa wamebadilishana na funguo pia, kwa siku ya shida.

Na huyo Verna alikuwa bingwa wa kulalamika. Nyonga, kasisi, theluji, mkwe wake wa Pittsburgh, supu ya ukumbini. Ukimsabahi tu umejitakia mwenyewe, utasimama pale mpaka kahawa yako ipoe mkononi.

Jumatano hiyo hiyo, saa nne, Odessa alibisha.

"Verna, uko sawa humo?"

"Niko salama, mpenzi. Siwezi kulalamika."

Sauti ni ya Verna kabisa, na ule mkwaruzo wake wa sigara za ujana. Odessa akarudi kwake. Na nitasema alivyoniambia mwenyewe baadaye huku akijipiga kifua: alifurahi. Alifurahi kuwa leo hasikii habari ya nyonga.

Usiku kadi ikatundikwa tena, Alhamisi asubuhi ikaondoka. Odessa akabisha. "Niko salama, mpenzi. Siwezi kulalamika." Maneno yale yale, kwa mpando na mshuko ule ule, hata pumzi ya katikati ikaingia pale pale ilipoingia jana. Na chini ya mlango ilikuwa inatoka harufu ya maua ya msibani yaliyosahauliwa kwenye maji yake siku tatu. Mimi nilikuwa pale na ndoo yangu. Niliisikia harufu, nikamwaga sabuni zaidi, nikapita. Mungu anisamehe, nilipita.

Ijumaa haikunukia pirogi. Odessa alisimama mbele ya mlango ule na sahani ya mkate mkono mmoja, akabisha kwa mkono wa pili, akajibiwa kabla hajamaliza kubisha, niko salama mpenzi siwezi kulalamika, na hapo ndipo likamwingia mwilini, kuanzia visiginoni kupanda juu, kwamba katika miaka tisa ya ujirani Verna hajawahi kumwita mtu yeyote mpenzi, na kwamba hakuna siku, hata siku aliyoshinda bata mzinga kwenye bahati nasibu ya kanisa, ambayo Verna Hudak alishindwa kulalamika.

Sahani ikaanguka. Akatoa ufunguo.

Verna alikuwa sakafuni bafuni, shavu kwenye vigae, nyonga imevunjika, midomo imepasuka kwa kiu. Tangu Jumanne usiku. Odessa akapiga magoti, akamlowanisha ulimi kwa kitambaa.

"Ulikuwa unabisha," Verna akanong'ona. "Kila siku nilikusikia."

"Ukanijibu, Verna! Ulisema uko salama!"

Verna akamshika mkono kwa kucha. "Mimi nilikuwa napiga kelele, Odessa. Napiga kelele, na sauti haitoki. Halafu namsikia yule kule mlangoni anakujibu kwa sauti yangu."

Jumapili alifia hospitali.

Wakaazi wenyewe kitu kile walikiita mzuka. Mimi nilikotoka tungeliita jini na tusibishane. Jumba lililojaa watu, na hakuna anayebishiwa hodi. Kwa nini lisihamie?

Jumanne iliyofuata meneja, Bi Kendra Lowell, akatuita ukumbini. Si kwa ajili ya Verna, la hasha. Ilikuwa siku ya matokeo ya fomu za maoni, kampuni inataka kujua wakaazi wanaonaje maisha ya jumbani. Keki mezani, maputo ukutani. Kiti cha Verna kimeshaondolewa.

"Matokeo ni mazuri ajabu!" akasema, mikono kifuani. "Wakaazi wote, bila kukosa hata mmoja, wameandika 'Nimeridhika sana.'"

Watu wakatazamana.

"Mimi yangu sikuijaza," akasema Clement Baskin wa ghorofa yetu, mzee wa kiwanda cha chuma, mabega kama kabati. "Niliiweka chini ya sufuria."

"Mimi yangu niliitupa," akasema Odessa. "Lete nione."

"Bibi Odessa, mpenzi, hizi ni siri za..."

"Mimi si mpenzi wako! Lete!"

Akamnyang'anya. Fomu ya Odessa ilikuwamo, kwa mwandiko wa Odessa, na ule mkia anaouvuta kwenye herufi ya mwisho ya jina lake. *Nimeridhika sana. Siwezi kulalamika.* Ya Clement ilikuwamo. Akafunua, akafunua, akafika ya Verna. Imetiwa sahihi Jumatano. Karatasi zote zilinukia maua yaliyooza.

"Jumatano!" Sauti ya Odessa iliwaamsha hata waliosinzia. "Jumatano Verna alikuwa analamba vigae vya bafu kutafuta maji! Nani kajaza hii? Sema!"

"Kwa kumbukumbu zetu," Bi Kendra akasema, amepauka, "kadi yake iliingia ndani kila asubuhi. Na wewe mwenyewe ulibisha, ukajibiwa. Tungefanya nini zaidi?"

"Mngekuja kumwona! Mngefungua mlango mkamwona kwa macho, kama alivyofanya Yost!"

 Na najua hasira ile nusu yake Odessa alijielekezea mwenyewe.

Jioni akatukusanya kwake, watu wa ghorofa ya nne, kama kumi hivi, wengine wamekaa kitandani. Akasema kwa sauti ya chini, jicho mlangoni.

"Kinaiga sauti. Kinaiga mwandiko. Lakini nimefikiri sana, kinajua kusema jambo moja tu. Kinajua kusema kuwa tumeridhika."

"Kwa sababu ndilo sisi tunalosema siku nzima," Clement akanong'ona. "Mwanangu akipiga simu, nipo salama. Daktari akiuliza, siwezi kulalamika. Goti linaniua, nasema siwezi kulalamika."

"Basi kuanzia kesho ni mwiko," Odessa akasema. "Saa nne kila mtu anabisha kwa jirani yake, anasema 'Toa!' Aliye ndani atoe lalamiko. Moja, la kweli, kwa sauti. Ukisikia 'niko salama', vunja mlango."

Ehe! Laiti mngesikia korido ile asubuhi zilizofuata. "Toa!" "Goti!" "Toa!" "Mkwe wangu ni nyoka!" "Toa!" "Supu ya jana ilikuwa maji ya kuoshea vyombo, na lifti inanuka, na mwanangu ana wiki tatu hajapiga simu!" Watu waliokuwa wanapita kimya wakaanza kusimama milangoni. Mtu akilalamikia goti, wa pili anatoka na dawa ya kuchua. Ile harufu ya maua ikafifia, ikabaki mbele ya mlango wa Verna tu, ambao kampuni iliufunga ukisubiri mpangaji mwingine.

Bi Kendra akabandika tangazo: *Tutumie lugha ya furaha koridoni.* Kisha akabadilisha vitasa vyote na kukataza wakaazi kupeana funguo, kwa usalama wao, eti. Odessa akalichana tangazo mbele yake.  Clement alishuka stoo yake, akapanda na mtaimbo wake wa kiwandani, akauegemeza nyuma ya mlango wake.

Ikaja Februari. Asubuhi moja, kama saa mbili, Odessa aliteleza jikoni kwenye mafuta ya bekoni, akaanguka kwa ubavu, mguu ukakunjika chini yake na kitu ndani kikalia ko! Kadi yake ilikuwa bado nje, alikuwa amesahau kuiingiza. Vizuri, akawaza, ikifika saa nne itaonekana. Halafu akasikia kitasa. Kadi ikavutwa taratibu, karatasi ikikwaruza chuma, ikateleza chini ya mlango ikaingia ndani, na nyuma yake ikaingia ile harufu.

Akafungua mdomo kuita, ile sauti iliyonyamazisha watoto mia tatu, na hakikutoka kitu, kifua kinasukuma na koo liko tupu kana kwamba sauti imeazimwa na mwenye kuiazima hajairudisha, akajaribu tena na tena mpaka machozi yakamtoka, na muda wote huo alikuwa anasikia kule mlangoni, upande wa ndani, mtu akisafisha koo, akijaribu mpando mmoja na mshuko mmoja, mpaka saa ya ukutani ikafika nne na viatu vizito vya Clement vikasimama nje.

"Odessa! Toa!"

"Niko salama, mpenzi," ikasema sauti ya Odessa, tamu, laini. "Siwezi kulalamika."

Kimya. Odessa alinihadithia kuwa kimya kile kilikuwa kirefu kuliko mwezi aliozaa mwanawe. Hakujua kama Clement amesikia vizuri. Wanaume wanapenda kuitwa mpenzi.

"Mpenzi?" akasema Clement hatimaye. "Jana uliniita kichwa cha nyundo, leo mpenzi?" Kisha akanguruma, "Shetani mkubwa we! Mwache!"

Mimi nilikuwa mwisho wa korido. Nilimwona akirudi na mtaimbo, mzee wa miaka themanini, akautia kwenye mwimo wa mlango na kuukandamiza kwa mwili wote huku akitukana matusi ya kiwandani ambayo sitayarudia hapa, na majirani wamemshika kiuno wasimwache aanguke. Kitasa kipya cha Bi Kendra kikaruka. Upepo baridi ukatupita miguuni kwenda nje, ukatapanya harufu, ukaisha. Na pale pale tukasikia kutoka jikoni:

"Umechelewa, Clement! Na mlango wangu umeuharibu!"

Tulilia, tukacheka. Mzee Clement alikaa sakafuni karibu naye, akamshika mkono. "Na mikono yako baridi," Odessa akamwambia, analia, hamwachii. Gari la wagonjwa likaja, wakambeba kwenye machela, na korido nzima ikamsindikiza mpaka kwenye lifti kama bibi harusi. Daktari alisema baadaye mguu utapona. Atarudi nyumbani Aprili.

Mimi nikabaki kupiga deki matope ya viatu vyao. Nilikuwa peke yangu, jua la asubuhi limejaa dirishani, saa tano haijafika. Nikafika mbele ya mlango wa Verna uliofungwa tangu mwaka jana, nikaona kwenye kitasa kuna kadi ya kijani.

Ndani palikuwa na mtu anasafisha koo.

"Umechelewa," ikasema sauti, kavu, kama mtoto anayesomeshwa. "Mlango wangu. Umeuharibu." Ikatulia. Ikaanza upya, safari hii kwa ukali kidogo. "Umechelewa, Clement. Na mlango wangu umeuharibu." Mara ya tatu ikatia machozi mle ndani, ikaongeza na mikono baridi.

Mara ya nne, hata mwanawe Odessa wa Atlanta angeitika, akijua ni mama yake.