Kiti cha Mgonjwa

Kiti kilikuwa na joto. Nerima alikigusa tena, akajiambia labda ni jua, lakini dirisha la chumba alichopanga ugenini, pale Kibuli, lilitazama ukuta wa jirani na jua halikufika humo hata siku moja.

Mwezi mzima alikuwa akikisemesha kiti hicho. Usimcheke. Wanafunzi wa uuguzi hawapelekwi wodini wakiwa wabichi. Hutangulizwa masomo ya mifupa, vijidudu na saikolojia, na mwalimu wa saikolojia alikuwa ameagiza kila mmoja afanye mazoezi ya kumhoji mgonjwa pamoja na mwenzake, mmoja akijifanya mgonjwa. Nerima alimwendea Shamirah, aliyekaa naye dawati moja.

"Nyabo, dada yangu, sisi tuko wawili tayari," Shamirah alisema, bila ubaya wowote. "Tafuta mutu ingine."

Mtu mwingine hakupatikana. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na msichana wa Bungoma asiyejua Kiganda kamba yake ilionekana na kila mtu. Basi kila alasiri aliweka kiti cha plastiki mbele ya kitanda, akakiinamia kama alivyofundishwa.

"Karibu, keti. Jisikie huru, mimi nipo nawe. Unaumwa wapi?"

Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wahenga. Hawakusema mgeni gani.

Alasiri hiyo kiti kilipokuwa na joto, mvua ilianza kunyesha. Aliuliza swali lake kwa mazoea tu, na kabla hajainua uso harufu ya udongo wa shimo lililochimbwa sasa hivi ikajaa chumbani, plastiki ikalia kama inavyolia mtu mzito anapojiweka sawa, na sauti isiyo ya kiume wala ya kike ikatoka pale ambapo pangekuwa na kinywa kama pangekuwa na mtu, ikasema polepole, "Mulembe, Nerima."

Tangu avuke mpaka, hakuna aliyemsalimia kwa salamu ya kwao. Aliogopa. Kisha, aibu iliyoje, akalia kwa furaha, akaitikia.

Akaacha kwenda darasani. Akaacha kula. Bi Hindu, mjane mwenye nyumba, alipita mlangoni akasikia watu wawili wakinong'ona, na mpangaji wa humo alikuwa mmoja tu. Akamwita Ustadhi Mahmoud.

Ustadhi alisoma aya za kumfukuza mgeni mpaka jasho likamlowesha kanzu. Kiti kilitetemeka, lakini hakikusogea.

"Binti, ulimkaribisha mgeni huyu kwa kinywa chako," alisema kwa sauti ya chini. "Wa kumwambia atoke ni wewe. Asipotoka leo, atakuchukua."

Nerima alifungua kinywa. Alitaka kuishi, alitaka kufaulu, alitaka mama yake amwone na sare nyeupe, lakini aliwaza pia ukumbi wa chuo ambamo watu husalimiana juu ya kichwa chake, na wali anaoula akiuangalia ukuta, na Jumapili inayokwisha bila neno hata moja la mtu.

"Sema, mwanangu," Bi Hindu alinong'ona. "Usiogope, mimi nipo."

"Ulikuwa wapi, mama?" Nerima aliuliza.

Nerima akasimama, akafungua mlango kwa adabu zote za muuguzi, akawatazama wao wawili.

"Tokeni, tafadhali," alisema. "Mgonjwa wangu anataka kupumzika."