Upande wa Pili wa Karatasi ya Kura

Asubuhi moja ya Oktoba, Waino Kangas alikuwa akipanga kuni nyuma ya nyumba yake mjini Pelto, kaskazini mwa Michigan. Mkewe, Elma, alikuwa jikoni akifunga nyama na viazi ndani ya unga uliokandwa. Aliifanya kazi hiyo ameketi. Tangu moyo wake ulipougua, hakuweza kusimama kwa muda mrefu. Mwaka ule gari la wagonjwa lilikuwa limemchukua mara mbili, na mara zote mbili lilimuwahi.

Sasa gari hilo lilikuwa karibu kuondolewa. Miaka miwili nyuma, kata iliwaomba wananchi wakubali kodi ndogo ya kuliendesha. Ombi lilishindwa kwa tofauti ya kura kumi na moja. Tangu hapo gari liliendeshwa kwa akiba, na akiba ilikuwa imekwisha. Novemba hii watu wangeulizwa tena. Wakikataa, gari la karibu lingetoka mwendo wa saa nzima. Elma hakuwa na saa nzima.

Mto umeugawa mji wa Pelto. Magharibi, kwa wakata magogo, watu huchagua chama cha Republican. Mashariki, ambako wazee walichimba shaba, huchagua chama cha Democratic. Mtoto hurithi chama kama anavyorithi jina la baba yake. Waino alikuwa mtu wa magharibi.

Lempi Saari wa mashariki, msaidizi wa karani wa uchaguzi, alisoma na Elma tangu utotoni. Siku hiyo alikuja na mayai. Waino akamfuata jikoni.

"Karibu, mpinzani," Waino akasema. "Umekuja kulizika gari letu?"

"Nimekuja kumwona rafiki yangu. Wewe ni hasara tu niliyoikuta kwake."

Elma akacheka. Waino hakucheka.

"Watu wako wa ng'ambo ndio waliolikataa. Sijawasahau, na salamu yangu hawaipati."

Lempi akavuta kiti. "Jirani, siku ile wewe ulifanyaje? Sikuulizi ulimchagua nani. Nauliza mkono wako ulifanya nini."

"Alichofanya baba yangu. Nilijaza kiduara kimoja cha chama changu, pale juu. Kiduara hicho kinawachagua wote. Nikaitia karatasi mashineni, nikarudi kwenye kuni zangu."

"Hukuigeuza?"

"Niigeuze nitafute nini?"

Elma akaacha kufunga unga.

Lempi akatoa mkobani karatasi ya mfano, ile wanayoonyeshwa wapiga kura kabla ya siku yenyewe. Akaiweka mezani.

"Kiduara cha chama kinawachagua wagombea wa chama hicho tu," alieleza. "Sasa tazama huku nyuma. Hili hapa ni swali la gari la wagonjwa. Swali halina chama. Kiduara chako hakilifikii. Usipojaza Ndiyo au Hapana kwa mkono wako, hujasema lolote."

"Lakini mimi nililitaka gari."

"Moyoni. Mashine haisomi moyo. Anayesoma moyo ni Mungu peke yake. Karatasi sitini na tatu hazikujazwa nyuma. Thelathini na mbili kwenu, thelathini na moja kwetu. Walioliponza gari hili wako pande zote mbili za mto."

Waino akaitazama karatasi. Kisha akamtazama mkewe, mikono yake myeupe kwa unga.

"Nami ni mmoja wao," akasema polepole.

"Miaka miwili umewanunia watu bure, Waino," Elma akamwambia.

"Basi niambie nijaze nini, Lempi."

"Siruhusiwi, na hata ningeruhusiwa nisingekuambia. Chagua chama unachokitaka, au changanya wagombea. Mimi nakwambia kitu kimoja: geuza karatasi, usome mpaka mstari wa mwisho."

Jumapili, baada ya ibada, watu walipokuwa wakinywa kahawa kanisani, Waino alisimama. Aliungama kosa lake mbele ya watu, jambo zito kwa mtu wa tabia yake. "Karibu nimnyime mke wangu gari kwa uvivu wa kugeuza karatasi," alisema. Wanaume watatu wakatazama viatu vyao. Lempi naye aliwakumbusha watu wa mashariki wageuze karatasi.

Siku ya uchaguzi, kila upande ulikichagua chama chake kama kawaida. Lakini safari hii karatasi zilizoachwa tupu nyuma zilikuwa nne tu. Kodi ikapita kwa tofauti ya kura thelathini.

Februari, theluji ikiwa imefika madirishani, Elma alianguka bafuni. Gari lilifika kwa dakika kumi na moja. Dereva na muuguzi wote walikuwa watu wa ng'ambo. Daktari alisema kwamba nusu saa zaidi ingemuua.

Wiki tatu baadaye, Elma aliketi mezani kwake. Asiyewashukuru watu hajamshukuru Mungu, na Waino alilijua hilo. Alikuwa amemwalika Lempi, na dereva pamoja na muuguzi. Kabla ya kula aliinamisha kichwa.

"Bwana, nakushukuru kwa uhai wa Elma. Nakushukuru kwa watu wa ng'ambo ya mto. Wabariki, ingawa mwakani watakichagua tena chama kile kile."

"Amina," Lempi akajibu, akiwa amefumba macho. "Na huyu naye umbariki vivyo hivyo. Haya, nipe viazi."