Vichwa Kumi kwenye Tanuri

Mbuke si mtu wa kuongeza chumvi. Wanaomfahamu tangu kwao Ibadakuli watakwambia kwamba akitumwa nyanya sokoni, huzihesabu mara mbili kabla hajazitia kikapuni. Kwa hiyo yaliyotokea kwenye chuo kidogo cha ufundi nje ya Buseresere yanasimuliwa hapa kama alivyoyasema mwenyewe, tarehe zake na saa zake.

Alifika Jumatatu, tarehe tatu Juni, asubuhi yenye jua na upepo mwepesi, akiwa na begi moja na boksi la vifaa vya uchongaji. Mkuu wa chuo, Mwalimu Donatus, alimpokea getini kwa kicheko.

"Karakana ni yako, wanafunzi ni wako," alimwambia, akimkabidhi ufunguo. "Na tanuri la kuni lile pale nyuma. Tulijengewa, hakuna anayejua kulitumia. Mpaka sasa kuku wa mlinzi ndio wanatagia humo."

"Nitawahamisha, mwalimu."

"Wahamishe kwa heshima. Wao ni wenyeji."

Mbuke alicheka. Alikuwa anasoma uzamili wa sanaa Dar es Salaam, na karakana ya kule ilikuwa na meza sita kwa wanafunzi kumi na wanne. Mwaka uliopita aliugua, meza yake akapewa mwingine. Muda wake ulikuwa umekwisha kuongezwa mara mbili. Barua ya mwisho haikuwa na huruma: Ijumaa, tarehe ishirini na nane Juni, mtahini atamfuata mahali popote alipo, na atakuta vichwa kumi vya udongo vilivyochomwa, vimefinyangwa na darasa alilolifundisha yeye. Asipovikuta, jina lake linafutwa. Alikuwa ameandikia vyuo kumi na kimoja kuomba nafasi ya kufundisha na pa kufanyia kazi. Hiki ndicho pekee kilichojibu.

Majuma mawili ya mwanzo yalikwenda vizuri. Wanafunzi tisa walipenda kazi. Kila mmoja alifinyanga sura ya mwenzake, na Mbuke alijifinyanga mwenyewe akijitazama kwenye kioo.

"Mwalimu, masikio ya Amosi yamemaliza udongo wote," Loveness alilalamika.

"Wewe finyanga tu," Amosi akamjibu. "Ukipunguza, mama yangu hatanijua."

Tarehe kumi na saba, Mbuke alifungua mlango wa karakana akakuta vichwa vyote kumi vimepasuka. Udongo wa mtoni ulikuwa na mchanga mwingi mno. Alipogusa shavu la kwanza, lilimomonyoka mkononi.

Zilibaki siku kumi na moja. Alikaa chini sakafuni.

Aliyemkuta pale alikuwa Mama Klara, mpishi wa chuo, ambaye siku za mapumziko alifinyanga vyungu. Mbuke alimshika mkono.

"Mama, kule nyuma ya ukuta nimeona lundo la udongo mweupe. Nimeujaribu. Unajikunja kwenye kidole bila kukatika."

Mama Klara aliutoa mkono wake.

"Ule hapana, mwanangu. Umetoka kwenye duara, shimo la wachimba dhahabu. Liliporomoka, miaka minane sasa. Yumo mtu."

"Hawakumtoa?"

"Walitoa kofia."

Kisha akamweleza, polepole, kama anayemfundisha mtoto. Mfinyanzi wa huku hachukui udongo bila kumwomba mwenye ardhi. Hata kama ni kwa neno moja, humwomba. Na udongo uliofukia mtu hauombwi, kwa sababu mwenye nao hawezi kujibu.

"Nimekuelewa, mama," alisema Mbuke.

Kesho yake, saa sita na robo mchana, Mama Klara alipokuwa anapakua chakula cha wanafunzi, Mbuke alikwenda nyuma ya ukuta na toroli. Udongo ni udongo, alijiambia. Alipiga jembe mara ya kwanza. Chini ya ganda la juu udongo ulikuwa na unyevunyevu, ingawa mvua haikuwa imenyesha kwa majuma matano. Na ulikuwa vuguvugu, joto la mwili.

Alijaza toroli mara nne.

Jumatano darasa lilianza upya. Udongo ule ulitii ajabu. Wanafunzi hawakutaniana, walifanya kazi kwa kasi, macho chini. Jioni kila mmoja alifunika kichwa chake kwa kitambaa kibichi, Mbuke akafunga mlango. Ufunguo ulikuwa mmoja tu, naye alikuwa nao.

Alhamisi asubuhi walifunua.

Juu ya meza vilikaa vichwa kumi, na vyote vilikuwa na sura moja. Sura ya mwanamume wa makamo. Kovu lilikata nyusi ya kushoto. Mdomo ulikuwa wazi, umepanuka, kama wa mtu anayevuta hewa ya mwisho.

"Nani amefanya mzaha huu?" Mbuke aliuliza.

Walimtazama. Mmoja wao, Dorah, alikuwa analia bila sauti.

Aliwaamuru warudie pale pale, mbele yake, mchana kweupe. Yeye naye aliweka kioo chake. Aliitazama pua yake kwenye kioo. Akafinyanga pua. Ilikuwa pana. Akaifuta, akafinyanga tena. Ilikuwa pana. Vidole gumba vyake vikapanda vyenyewe hadi kwenye nyusi ya kushoto, vikaikata kovu.

"Mwalimu," Loveness alinong'ona. "Mimi namtazama Dorah. Mikono ndiyo haitaki."

Sinia lilianguka mlangoni. Mama Klara alikuwa amesimama, chai imemwagika miguuni, wala hakuhisi kuungua.

"Magesa," alisema.

Alikwenda moja kwa moja kwenye meza ya kwanza, akakishika kile kichwa kwa mikono miwili.

"Huyu ni mdogo wangu. Tumenyonya ziwa moja." Alimgeukia Mbuke. "Ulisema umenielewa."

Mbuke alikilaza kioo chake kifudifudi mezani.

"Avunjwe leo, kabla hajakauka. Arudi kwenye shimo lake. Ukimchoma, mwanangu, utakuwa umemfungia. Udongo uliochomwa haurudi kuwa udongo."

"Nitamrudisha, mama. Naapa. Baada ya Ijumaa."

"Anaomba kutoka. Hujaona mdomo?"

"Siku nane tu, mama. Maisha yangu yote yako hapa mezani."

"Na yake?" aliuliza Mama Klara. Akaondoka bila kuokota vikombe.

Mbuke alibaki akitazama. Na hili ndilo analolionea aibu hadi leo: aliona kwamba ilikuwa kazi nzuri. Hajawahi kuona kazi ya mwanafunzi iliyo hai namna ile. Akaviandika vichwa namba, moja hadi kumi. Akavikata kwa waya, akavikomba ndani viwe vitupu visije vikapasuka motoni, akaviunganisha tena. Kuta za ndani alizilainisha mwenyewe kwa sponji, kimoja baada ya kingine, hadi zikateleza kama bakuli.

Wanafunzi saba waliaga kesho yake, Ijumaa. Walisema kuna misiba kwao.

Jumatano, tarehe ishirini na sita, alipanga vichwa kwenye tanuri. Amosi na Dorah walimsaidia kuziba mlango kwa matofali na tope. Waliwasha saa kumi na mbili asubuhi. Moto ulipanda vizuri.

Saa nane mchana, kitu kiligonga ndani.

"Vinapasuka?" Dorah aliuliza.

"Unyevu," Mbuke alijibu. Ndivyo udongo ufanyavyo usipokauka vizuri. Hulia mara moja, ukasambaratika.

Kiligonga tena. Mara tatu. Kikanyamaza. Mara tatu.

Amosi alisimama. Baba yake alikuwa mchimbaji. "Mwalimu," alinong'ona, "hivyo ndivyo wanavyogonga waliofukiwa. Wanagonga magogo yanayoshikilia kuta za shimo. Ili walio juu wajue pa kuchimba."

Tatu. Kimya. Tatu.

"Tufungue."

"Hewa baridi ikiingia, vyote vinapasuka."

"Mwalimu, tufungue!"

Mbuke alisimama mbele ya mlango wa matofali, mgongo kwenye joto, mikono ameitanua. Alisikia tope likipasuka karibu na bega lake. Hakusogea. Dorah alikimbia. Amosi naye akamfuata.

Aliongeza kuni peke yake.

Kiligonga saa tisa. Kiligonga saa kumi. Kikapungua nguvu. Tatu. Kisha mbili. Saa kumi na moja kasoro dakika nne kiligonga mara moja, taratibu, chini kabisa.

Hakikugonga tena.

Ijumaa saa nne asubuhi mtahini alifika, mama mmoja mnyamavu mwenye miwani, jina lake Daktari Hosiana. Mbuke alitoa matofali mbele yake. Vichwa vyote kumi vilikuwa vizima, vimegeuka vyekundu, bila ufa hata mmoja.

Midomo yote ilikuwa imefumbwa.

Mbuke aliona. Akavipanga mezani kimoja kimoja. Daktari Hosiana alizunguka meza mara mbili, akiandika.

"Sura moja mara kumi, kwa mikono ya watu kumi," alisema mwishowe. "Sijawahi kuona ufundishaji wa namna hii. Umefaulu, binti. Na chuo chetu cha Dar kinatafuta mkufunzi. Meza utapata, na karakana pia."

Mbuke alisema asante, akarudia asante.

Daktari alinyanyua kichwa namba kumi, akakipindua, akachungulia ndani.

"Na hii alama ya ndani? Mikwaruzo hii. Mmetumia kifaa gani?"

Mbuke alisogea akatazama. Ukuta alioulainisha kwa sponji ulikuwa umechimbwa. Mistari mitano, mitano, mitano, yote ikielekea mdomoni. Ilikuwa ya vidole vinene, vya mkono mkubwa ambao usingeweza kuenea mle ndani hata ukikunjwa.

Daktari alikuwa ameshika kalamu, akisubiri.

"Vidole," Mbuke alisema. "Ni mbinu yangu."

Daktari akaandika hivyo, akafunga daftari, akatoka kumtafuta mkuu wa chuo atie sahihi. Mbuke alibaki na kichwa mikononi. Akakigeuzia kwenye mwanga wa dirisha. Mwisho wa mstari mrefu kuliko yote, nyuma ya midomo iliyofumbwa, kulikuwa na kitu kimenasa. Alikitoa kwa ncha ya sindano.

Ulikuwa ukucha wa mtu, mzima, mweupe. Moto ule ungeyeyusha chupa. Ukucha ulikuwa haujaungua hata kidogo, na chini yake, pale ulipokuwa umeshika nyama, palikuwa bado pabichi.