Koti la Picha ya Theluji

Uvumi ulimkaa Ghati kama mwiba wa samaki kooni: haushuki, hautoki. Mama Kamande, aliyeimba naye kwaya, ndiye aliyeuleta baada ya ibada.

"Leonard wako ana mtu kule Annandale. Picha nimeiona kwa macho yangu. Elodie, yule Mkongo, kavaa koti la Leonard, kaegemea gari la Leonard. Na picha imeshatumwa kwao!"

Koti hilo Ghati alilijua: la sufu, rangi ya damu ya mzee, kola ya manyoya. Lilimgusa bega siku alipokutana na Leonard katika supamaketi ya Gaithersburg, huku Marekani, watu walipoambiwa theluji inakuja wakavamia mikate na maziwa kama wanaohama nchi. Lilibaki dumu moja la maziwa. Ghati akalishika huku, mwanamume akalishika kule.

"Dada, mimi bila chai sijui kusali."

"Basi leo utalala bila sala."

Wakacheka, wakagawana lile dumu, na tangu hapo wakagawana mengi. Jumapili iliyopita Leonard alimwomba ruhusa, wazee wake waende kwa baba yake Ghati kule Kehancha. Ghati akaomba wiki moja ya kufikiri. Sasa simu ikilia, anaitazama tu. Atajibu nini, na mwenzake ameshapigwa picha?

Ijumaa usiku theluji ikaanza kuanguka, kimya, kama unga unaochekechwa. Simu ikalia, ikalia tena. Akashindwa, akaipokea.

"Malkia, niko kwenye kibanda cha simu hapa kwenu. Chungulia dirishani."

"Mwambie Elodie achungulie."

"Elodie yuko hapa chini. Wewe chungulia tu, mama."

Ghati akavuta pazia. Chini ya taa, gari jekundu la Leonard lilikuwa limevikwa weupe, na Elodie kando yake, mkono kiunoni, ndani ya koti lile lile. Moyo ukamkwaruza. Mara mwanga wa kamera ukapiga. Elodie akalivua koti mbio, akamrushia mzee Tharcisse, mgeni kutoka Burundi. Mzee akalivaa, akaegemea gari, akatoa kifua. Nyuma yake Cherono, aliyefika juzi kutoka Kericho, alitetemeka akingoja zamu yake.

"Fanya mbio, Mzee!" Elodie akapiga kelele. "Baridi iko inaniua! Kwani wewe ni bibi arusi?"

"Nyamaza, mtoto! Bujumbura nao waone niko na gari."

Ghati alicheka mpaka simu ikamponyoka. Akaiokota.

"Kwa hiyo kila mgeni…"

"Kila mgeni na theluji yake ya kwanza. Ile picha ya Elodie ya mwanzo haikuwa na theluji, leo anairudia. Nani atatuma kwao picha ya sweta la mtumba? Kwani wewe uliambiwa nini?"

"Niliyoambiwa nimeshayameza."

"Ungeniuliza, bana!"

Akashuka na ndara miguuni. Theluji ikamuuma vidole, akapiga ukelele, akacheka, akatoa ulimi kuionja. Ikamtua kwenye kope, ikayeyuka. Leonard akamvika koti, bado lina joto la wote waliotangulia. Kamera ikapiga.

Ghati akaanza kufungua vifungo ili alirudishe. Leonard akamshika mikono.

"Wengine wote hurudisha. Wewe baki nalo."

Ghati akamtazama. Kisha akakifunga kifungo alichokifungua, akapanda na vingine mpaka cha shingoni.

"Waambie wazee wako wafike mapema," akasema. "Baba akishaenda shambani hasubiri mtu."

Sasa, binti zangu mliofika huku majuzi, ya kuepuka ni haya:

Usikanyage theluji na ndara. Ghati alikohoa mpaka siku ya mahari.

Usitoke na nywele mbichi.

Usimwagie kioo cha gari kilichoganda barafu maji ya moto, kitapasuka.

Usiamini picha. Koti si la aliyelivaa, gari si la aliyeliegemea.

Usimnyamazie mtu kwa neno la mtu mwingine.

Na mwanamume akikuita chini usiku, usishuke, ila kama mzee Tharcisse yuko.